Rameni ya Jumatano

Jumamosi ya tarehe 15 Februari 2025 tulimzika Adela kijijini kwao, Muleba, na tangu siku hiyo sijapata utulivu. Si kwa sababu ya kifo tu, maana kifo nimekwisha kukizoea, bali kwa sababu ya wasifu uliosomwa mbele ya jeneza. Mpwa wake aliyeusoma alivaa suti nzuri, akatamka kila neno kwa ufasaha, na akatuambia kwamba marehemu "aliwahi kujishughulisha na biashara ndogondogo wilayani Karagwe." Biashara ndogondogo! Mwanamke aliyechemsha mifupa ya nguruwe kutoka adhuhuri ya Jumanne hadi adhuhuri ya Jumatano, aliyekanda tambi kwa viganja vyake mwenyewe, aliyewafukuza maofisa mezani kwa kosa la kupiga soga huku chakula kikipoa, anawekwa fungu moja na wauza vocha. Niligeuka huku na huku nikidhani yupo atakayesimama kusahihisha. Watu walikuwa wanafuta machozi na kujipepea kwa karatasi za ratiba. Hakuna aliyesimama. Nami sikusimama, jambo linaloniudhi kuliko hayo mengine yote, na ndiyo maana ninaandika.

Habari za kuzaliwa kwangu na za ukoo wangu naziacha, wanaozihitaji wanazijua. Nitaandika mwaka mmoja tu, mwaka 2018, ambao mimi nauita mwaka wa ujana wangu, ingawa nilikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja na mjane wa miaka mitatu. Wanaotaka kucheka na wacheke. Ujana wa wenzangu uliwajia kwa wakati wake. Wa kwangu ulipita nikiwa nimeinama juu ya chungu cha ndizi katika nyumba ya watu, kwa kuwa niliolewa nikiwa na miaka kumi na saba, na hapakuwa na mtu aliyeniambia kwamba kuna kitu kinapita. Ulipogeuka na kurudi, nilikuwa na miwani na goti bovu, lakini niliutambua.

Ulirudi Jumatatu, tarehe 15 Januari, katika ukumbi wa parokia mjini Kayanga, nilipojiandikisha darasa la watu wazima ili nifanye Mtihani wa Maarifa, ule wa watu ambao hawakufika sekondari, mwezi Novemba. Tulisoma Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kuanzia saa tatu hadi saa sita, kisha saa nane hadi saa kumi. Madawati yalikuwa ya watoto. Mwalimu wetu, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanangu wa mwisho, alitusalimu "shikamooni" kila asubuhi, nasi tukaitika marahaba, halafu akatugombeza kwa kutofanya kazi ya nyumbani. Hilo halikunisumbua. Kilichonisumbua ni zile saa mbili za katikati. Wenzangu walikuwa na ndugu mjini wa kuwapa chakula, mimi sikuwa na mtu. Ihanda, ninakokaa, ni mbali mno kwenda na kurudi kwa bodaboda kwa ajili ya sahani ya maharage. Na mwanamke wa heshima zake, mjane, mwenye nyumba na kibanja chake cha migomba na kahawa, haonekani ameketi peke yake mgahawani anatafuna mchana kweupe. Kwa majuma matatu nilikula mkate mkavu nyuma ya ukumbi, nimesimama, kama mtu aliyeuiba.

Jumatano, tarehe 7 Februari, ilinyesha mvua ya kutisha. Mkate wangu uliloa. Nilikimbilia kibarazani kwa mgahawa mmoja nyuma ya soko, kibanda cha bati chenye meza nne na kuta zilizopakwa rangi ya bluu hadi kimo cha bega, na nikasimama pale nikijifanya ninasubiri mtu. Ndani mlikuwa na harufu ambayo sikuweza kuipa jina. Ilikuwa ya nguruwe, naam, lakini nguruwe aliyestaarabika, mwenye tangawizi, vitunguu saumu na kitu kingine kizito kilichonikaa kooni. Mwanamke mfupi, mnene, mwenye kilemba cheupe, alitoka akanitazama kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Mama, unaingia au unanizibia mlango?"

"Ninasubiri mvua ikatike. Una chai na chapati?"

"Leo ni Jumatano. Jumatano sina chai, sina chapati, sina wali, sina ugali. Nina rameni."

"Ndiyo nini?"

"Kaa."

Nilikaa kwa sababu nilikuwa na baridi, na kwa sababu, kusema kweli, tangu mume wangu afariki hapakuwa na mtu aliyethubutu kuniamrisha. Nilichagua meza ya mwisho na nikaugeukia ukuta ili nisijulikane. Akaniletea bakuli kubwa kama la kuoshea mchele. Mchuzi ulikuwa mweupe kama maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi, na juu yake vikaelea vijiduara vya mafuta. Zilikuwamo tambi za rangi ya manjano, kipande cha nyama ya tumbo iliyoviringishwa na kufungwa kwa kamba ya mgomba, uyoga, majani ya kitunguu, na nusu mbili za yai ambalo kiini chake hakikuiva sawasawa. Nilimwita nimwambie kwamba yai lake ni bichi. Akaniambia kwamba yai liko sawa, mimi ndiye bado. Nikachukua kijiko nionje kwa adabu. Akasimama pembeni yangu na mikono kiunoni.

"Vuta! Usikate kwa meno kama mbuzi. Vuta kwa sauti. Tambi zinakufa hizo, kila dakika zinakufa!"

"Mimi sili kwa sauti. Nimelelewa."

"Basi utakula maiti."

Nilivuta. Ninaandika hili kwa aibu kidogo, lakini nimeahidi kusema kweli: nilivuta kwa sauti iliyowafanya wafanyabiashara wawili wa kahawa waliokuwa meza ya jirani waache habari zao za mnada na kunigeukia. Mchuzi ule ulishuka taratibu ukafika mahali ambapo kwa miaka mitatu hapakuwa pamefika kitu. Tambi ziliteleza, kisha zikakaza meno yanapozigusa, kama zinabisha. Yai, lililolala katika sosi ya soya tangu asubuhi, lilikuwa na chumvi na utamu kwa pamoja. Nilimaliza bakuli lote, nikaliinua na kunywa kilichobaki, na nilipolishusha nikagundua kwamba katika muda wote ule sikuwa nimefikiria kibanja, wala mibuni inayokauka, wala shemeji yangu. Nilichelewa kipindi cha saa nane kwa dakika kumi na tano. Mwalimu aliniuliza nilikuwa wapi, nikasema mvua.

Jumatano iliyofuata ilikuwa tarehe 14 Februari, nayo, kwa mkosi wangu, ilikuwa Jumatano ya Majivu. Mimi ni Mkatoliki. Adela alikuwa Mlutheri na hakuona sababu ya kuzima jiko. Nilipita mbele ya mlango wake nikiwa na majivu kwenye paji la uso na njaa tumboni, naye akanipungia mwiko. Sijawahi kumkasirikia mtu kiasi kile kwa kosa lisilokuwa lake.

Baadaye, tulipozoeana, alinieleza alikoupata ujuzi huo. Alikuwa amepika miaka sita katika kambi ya wahandisi wa Kijapani waliokuwa wakijenga barabara, mbali na kwetu, na mzee mmoja miongoni mwao, aliyekuwa anakonda kwa kutamani chakula cha kwao, alisimama naye jikoni hadi akaweza. Tambi ndizo zilizomtesa. Mzee alikuwa na unga fulani wa kwao wa kuzikazia, na ulipokwisha kila kitu kikawa uji. Adela, ambaye kama sisi sote alijua kinacholainisha maharage magumu, akachukua magadi ya sokoni, akayayeyusha, akayachuja, akakandia unga wa ngano. Tambi zikageuka manjano na kukaza. "Mzee alivuta mara moja," aliniambia, "halafu akatoka nje akasimama ameukabili ukuta kwa muda. Nikadhani nimemwua." Nikamwuliza kwa nini hapiki kila siku. Akasema mifupa haiharakishwi, na kwamba watu wanaotaka kila kitu kila siku ndio waliomkimbiza kutoka Dar es Salaam, alikojaribu kwanza kuuza rameni yake.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Kwetu, mkamwana anayekula kitu kizuri mbali na nyumbani humfungia mama mkwe wake sehemu. Ukienda harusini, unafunga katika jani la mgomba. Ukienda msibani, unafunga. Ukipewa kipande cha nyama mnadani, hukimalizi. Mama mkwe wangu, tuliyekuwa tunakaa naye boma moja pale Ihanda, alikuwa na miaka themanini hivi, na kwa miaka thelathini na minne sikuwahi kumrudia mikono mitupu. Basi Jumatano ya pili niliyokula, tarehe 21 Februari, nilimwomba Adela anifungie.

"Rameni haifungwi, dada."

"Chakula gani hakifungwi? Hata wali wa harusi unafungwa."

"Wali umekwisha kufa. Hii iko hai. Ukiifunga, itanywa mchuzi wote, ivimbe, ifike kwa mama mkwe wako ikiwa godoro. Halafu atasema Adela hajui kupika. Sitaki."

Nilipaswa kuacha siku hiyohiyo. Chakula ambacho huwezi kumpelekea mama mkwe, mtu mwenye akili hakigusi. Badala yake nilifanya jambo baya zaidi: nilinyamaza. Tangu Februari hadi Julai nilikula rameni kila Jumatano, nikaosha kinywa bombani, nikarudi Ihanda na kusema kwamba mchana nilikuwa nimekula mkate. Nilikuwa na saa moja katika juma ambayo haikuwa ya mtu mwingine. Nilikaa nimeugeukia ukuta wa bluu, sikumpikia mtu, sikumjibu mtu. Nilianza hata kuwapenda wale wafanyabiashara wa kahawa, kwa sababu hawakujua jina langu.

Waliojua walikuwa wengine. Jumapili, tarehe 22 Julai, shemeji yangu Fulgence, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuja kutoka Kamuli, wilayani Kyerwa, akiwa amevaa koti lake la vikao. Shemeji huyu alikuwa amekitamani kibanja changu tangu matanga, na alikuwa na subira ya paka. Hakunisalimu vizuri. Aliketi karibu na mama yake, ambaye sote tulimwita mawe, yaani mama, akasema kwa sauti ya kunisikilizisha: "Mawe, nimeambiwa na watu wa bodaboda kwamba mke wa kaka yangu ana chakula chake cha siri Kayanga. Anakula minyoo ndani ya bakuli, peke yake, kila juma, huku wewe hapa unakula maharage. Mwanamke anayekula barabarani atatunza nyumba ya mtu? Jumamosi ya tarehe 4 Agosti tutakaa kikao cha ukoo. Mwanangu mkubwa ahamie hapa akishike kibanja, na huyu aache mambo ya shule ya wazee."

Mama mkwe alinitazama mimi. "Ni kweli?"

"Si minyoo, mawe. Ni tambi."

"Sikuuliza ni nini. Nimeuliza kama ulikula, ukaniambia mkate."

Heri angenipiga. Kwetu unaweza kuitwa mvivu, mkali au mjinga, na ukaendelea kusalimiwa; lakini mwanamke mwenye choyo ya chakula, hasa kwa mama mkwe, hana wa kumtetea. Na katika kikao, neno la mama mkwe ndilo lingeamua, kwa maana wazee wa ukoo walimwogopa kuliko walivyomwogopa padri. Shule yangu, nyumba yangu na migomba niliyoipanda kwa mikono hii vilikuwa vimesimama juu ya bakuli la mchuzi.

Jumatano, tarehe 25 Julai, nilikwenda kwa Adela na hotpoti kubwa, nikamwambia bila salamu: "Utafunga leo, utake usitake." Alinikemea, akaapa, mwisho akanitilia, akigeuza uso pembeni kama anayeona mnyama akichinjwa. Niliacha kipindi cha mchana, nikapanda bodaboda na hotpoti mapajani. Nikamsihi dereva akimbie, akakimbia, barabara ilikuwa na mashimo, na kila shimo nilihisi mchuzi ukigonga kifuniko. Nilipofungua mbele ya mama mkwe, mchuzi haukuwamo. Palikuwa na donge moja la manjano, limeshika umbo la hotpoti barabara, na yai limezama katikati kama jicho.

Mama mkwe alilichoma kwa kidole. Likatikisika.

"Hiki ndicho kinachokutoa nyumbani?"

"Mawe, kilikuwa kizuri."

"Kilikuwa. Ndizi nilizoletewa na mama yako mwaka ule zilifika zikiwa nzuri. Nyama ya Krismasi inafika ikiwa nzuri. Hiki kwa nini hakifiki?"

"Kinataka mtu akae palepale, akile palepale."

"Ni chakula kilichotengenezwa ili wengine wasipate," alisema, akalisukuma mbali. Mbwa aliletewa. Akanusa, akaondoka. Mbwa yule alikula hata sabuni.

Jumatano ya tarehe 1 Agosti, siku tatu kabla ya kikao, nilikwenda tena. Nilijiambia kwamba kama ninanyang'anywa kila kitu siku ya Jumamosi, basi nitanyang'anywa nikiwa nimeshiba. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeinua uma niliposikia bodaboda ikizimwa mlangoni, na sauti niliyoijua ikimfokea dereva kwamba amemtikisa kama gunia la kahawa. Mama mkwe wangu aliingia akiwa na fimbo, gauni lake la Jumapili na kitenge begani. Alikuwa hajafika Kayanga tangu mazishi ya mwanawe. Wale wafanyabiashara walisimama wakampa shikamoo, naye akaitikia bila kuwaangalia, akaja moja kwa moja kwenye meza yangu na kukaa mbele yangu, ameupa ukuta mgongo, hivyo nikapoteza hata ukuta.

"Nimekuja kukaa palepale," alisema.

Adela alileta bakuli, akasimama na mikono kiunoni. Nikafumba macho.

"Vuta kwa sauti, bibi. Zinakufa."

"Usinifundishe kula, mtoto wa Muleba. Nimekula kabla mama yako hajazaliwa."

Na akavuta. Mungu anisamehe, ilikuwa sauti ya ng'ombe anayeng'oa mguu matopeni. Akavuta tena. Akamaliza tambi zote. Kisha akalitazama yai kwa muda mrefu. Wanawake wa umri wake katika nchi yetu hawakula mayai wala kuku; walivifuga, wakavipika, wakawaandalia wanaume. Nilimwona akiligeuza kwa kijiko, na nikasogeza mkono nilichukue, nimwondolee aibu. Akanipiga kidole kwa kijiko. Akalila. Akala na nusu ya pili. Halafu akaanza kumwambia Adela kwamba chumvi imepungua, kwamba mifupa ingechemshwa kwa kuni za mbuni, na kwamba uyoga wake ni wa wavivu, akaendelea hivyo hadi saa tisa, nami nikakosa hesabu za sehemu nilizozisubiri tangu Juni.

Kikaoni, Jumamosi, Fulgence alisema kwa nusu saa. Alitaja minyoo mara nne, nilihesabu. Wazee wawili walitikisa vichwa. Nikaulizwa kama nina la kusema, nikasimama nikasema kwamba nilikula, kwamba nilidanganya na ninaomba radhi kwa uwongo, lakini kwa kula siombi, na kwamba Jumatano ijayo nitakula tena. Mama mkwe akaweka fimbo chini.

"Fulgence," alisema, "umekula hicho kitu?"

"Hapana, mawe. Nitakulaje..."

"Basi unaongea kama nani? Mimi nimekula. Hakibebeki, na mtu asilaumiwe kwa kutobeba kisichobebeka. Mkamwana wangu alikosea mdomo, hakukosea tumbo. Mwanao abaki Kamuli, ana mama yake hukohuko. Huyu amalize shule yake." Nikaanza kupumua. Kisha akaongeza: "Ila Jumatano tutakwenda wawili."

Hivyo ndivyo nilivyoshinda, na wenzangu wananishangaa ninaposema kwamba nilirudi ndani nikalia kwa hasira. Nyumba ilibaki kwangu, shule ilibaki, lakini ile saa moja ilichukuliwa palepale mbele ya wazee. Kila Jumatano ya Agosti, Septemba na Oktoba alikuwa mezani kabla yangu, ameletwa na dereva wake wa kudumu, aliyetukanwa naye njia nzima. Alinieleza jinsi ninavyokunja mgongo. Alinilaumu kwa kubakiza uyoga. Aliwajua wafanyabiashara wa kahawa kwa majina, na majina ya wake zao, nao wakanijua mimi kwa jina la mkamwana. Sikuwahi tena kuuona ule ukuta.

Jumatano, tarehe 7 Novemba, nilifanya mtihani wa Kiswahili asubuhi. Nilitoka nikiwa na vidole vilivyokufa ganzi na njaa ya mtu aliyelima eka nzima, nikatembea hadi kwa Adela nikilifikiria bakuli moja tu. Mama mkwe alikuwa amekaa, mabakuli mawili matupu mbele yake.

"Imekwisha," Adela alisema, safari hii bila kunitazama. "Amekula na lako."

"Mawe!"

"Nilijua umekwenda kufanya mtihani," alisema mama mkwe, akijifuta midomo kwa kitenge. "Sikujua kama utarudi na njaa. Na lingekufa."

Adela alinitafutia maharage ya jana yake, ya kwao wenyewe, na kipande cha ndizi baridi. Nikala kwa hasira, nimeinamia sahani. Nilisikia mkoba wangu ukivutwa kutoka begani. Mama mkwe, ambaye hakuwahi kuingia darasani hata siku moja, alikuwa ameitoa karatasi ya maswali ya mtihani, ameikunjua juu ya meza kati ya mabakuli, akiipapasa kwa kidole chenye mafuta kuanzia juu kuja chini, kurasa zikiwa zimegeuzwa kichwa chini miguu juu.

"Swali la kwanza lilisemaje?" akauliza.

Nikaigeuza karatasi ikae sawa, nikamsomea.